Msiba uko Tanga na pikipiki iko Mombasa

Ukoo wa mtu wa pwani haujapata kuuliza mpaka uko wapi. Mtu kazaliwa Vanga, mamake ni wa Moa, ami yake amekaa Ngamiani miaka arubaini, na binti wa ami ameolewa Mombasa, Mji wa Kale. Ndipo inapotokea, aghalabu usiku watu wamekwisha kulala, simu ikalia, na sauti ya upande wa pili ikasema kwamba fulani ametangulia mbele ya haki na maziko ni kesho baada ya Alasiri. Aliyepokea habari hana siku mbili za kujitengeza. Basi la asubuhi huenda limejaa, au litaondoka saa isiyomfaa, na kisha litasimama mpakani mpaka abiria wa mwisho apigiwe muhuri. Nje ya mlango imeegeshwa pikipiki. Wazo la kwanza linalomjia kijana ni hilo: natia mafuta, nakwenda.

Makala haya yanahusu saa zile chache baina ya simu na mlio wa kwanza wa injini. Twaliona ni jambo la kuzungumzwa, kwani siku hizi halimhusu mtu mmoja wala wawili. Wazee watakumbuka kwamba zamani pikipiki ilikuwa chombo cha polisi, cha bwana shamba na cha padri. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo, na tangu hapo hakuna mtaa wa Likoni, Kisauni wala Changamwe usiokuwa na kijiwe chake cha bodaboda. Na neno lenyewe bodaboda lilizaliwa mpakani. Ni la watu wa Busia, kule Kenya inakopakana na Uganda, waliokuwa wakiwapakia wasafiri kwa baiskeli tangu miaka ya 1960 kutoka kituo cha upande huu hadi kituo cha upande wa pili. Kwa hivyo kuvuka mpaka kwa magurudumu mawili si jambo geni. Geni ni kuvuka kwa ghafla, moyo ukiwa na huzuni na kichwa hakijatulia.

Kwa macho Tanga ni karibu. Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga ni kiasi cha kilomita 100, na kutoka Horohoro, ambako ndiko upande wa pili wa kituo hicho, hadi Tanga mjini ni 65. Mwenye kwenda Nairobi huenda karibu mara tatu ya hapo. Njia ya upande wa Tanzania, ambayo zamani ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, ilitiwa lami kwa fedha za Marekani chini ya mkataba uliotiwa sahihi 2008 na kumalizika 2013. Nchi zote mbili huendesha mkono wa kushoto, na saa ni moja. Mtu angeapa kwamba ni safari ya Malindi na kidogo juu yake.

Ila katikati ya kilomita hizo pana mstari. Mstari huo ulichorwa 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana wao kwa wao kwamba mpaka uanzie mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, upande bara hadi Ziwa Jipe. Watu wa Vanga hawakuulizwa neno. Kwa miaka mingi mstari ulikuwa wa ramani tu, na watu walizikana, wakaozana na kusomeshana vyuoni kama kwamba haupo. Halafu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Miaka sita na miezi kadhaa! Wapo watu wazima Kwale na Mkinga waliopata habari za vifo vya wazazi wao katika miaka ile kwa barua iliyozunguka, au kwa kinywa cha mvuvi. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, mambo yakalegea. Lakini Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, Kenya nayo iliufunga kwa wasafiri, ikaachia malori ya mizigo tu. Basi mtu asiseme mpaka ni jina. Mpaka ni watu waliokaa ndani ya nyumba, wana mihuri na wana haki ya kusema rudi.

Na hawa hawaangalii machozi. Huangalia karatasi.

Tuanze na mwili wa msafiri. Tanzania humtaka kadi ya chanjo ya homa ya manjano mtu atokaye katika nchi zenye hatari ya maradhi hayo, na Kenya imo katika orodha. Wengi hudhani ni jambo la kupitia asubuhi kwa daktari, kudungwa na kuendelea na safari. La hasha. Kadi ya chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa sababu mwili huhitaji muda huo kujijengea kinga. Aliyedungwa leo kwa ajili ya maziko ya kesho kadi yake ni changa, na afisa wa afya anayeijua kazi yake ataisoma tarehe. Hakuna haraka wala rushwa inayoweza kuzifupisha siku hizo ndani ya damu ya mtu. Lakini habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 chanjo hiyo hudungwa mara moja kwa umri mzima. Ile habari ya kurudia kila miaka 10 imekwisha. Kadi ya zamani iliyo chini ya sanduku bado ni nzima maadamu yasomeka. Kwa watu wenye jamaa pande zote mbili, twaona sindano hii ingekuwa miongoni mwa mambo ya kumaliza siku isiyo na msiba wowote.

Jambo la pili ni pasi. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kimemtosha Mkenya kuingia Uganda na Rwanda, na kwa sababu hiyo vijana wengi huamini kwamba chatosha kila mahali. Horohoro si cha kutegemea. Panatakiwa pasi ya kusafiria, au ile hati ya muda inayotolewa na Uhamiaji kwa safari za Afrika Mashariki. Viza haitakiwi. Yote hayo hutolewa ofisini, mchana, siku za kazi. Na mauti hayajui siku za kazi.

Jambo la tatu ndilo linalowakwamisha vijana wa bodaboda kuliko yote, nalo ni kitabu cha pikipiki. Pikipiki nyingi zimenunuliwa kwa mkopo. Mtu hulipa kila siku au kila wiki, na mpaka amalize, kitabu huwa na jina la mkopeshaji, peke yake au pamoja na la mwenye kuiendesha. Mtaani kila mtu ajua hii ni ya Fulani. Forodhani huulizwa karatasi yasemaje. Mtu asiyekuwa na kitabu chenye jina lake, au barua ya mwenye jina inayomruhusu kuvuka na chombo kile, hana tofauti na aliyekiiba, kwani hata mwizi husema ni changu. Barua hiyo haiandikwi saa tano ya usiku. Na si kila mkopeshaji atakubali. Wengine masharti yao hukataza chombo kutoka nchini, na sharti hilo limo katika karatasi ambayo kijana aliitia sahihi bila kuisoma, akiwa na furaha ya kukabidhiwa ufunguo. Pikipiki ya kuazima ya rafiki ina taabu ile ile, ila rafiki aweza kuamshwa akaandika.

Kisha bima. Bima ya Kenya hukoma Lunga Lunga. Mwenye kuvuka hutakiwa kuongeza bima ya kadi ya njano ya COMESA, inayotolewa na kampuni ile ile iliyomkatia bima yake ya nyumbani. Mpango huo ulianza 1987, na Tanzania, ijapokuwa ilijitoa COMESA mwaka 2000, ilibaki ndani ya mpango wa bima. Kadi hiyo humlipia mtu mwingine utakayemdhuru njiani. Pikipiki yako haimo. Na hapa pana kichekesho kinachojirudia mpakani: kadi za njano ni mbili. Moja ni ya sindano, ya pili ni ya bima. Mtu huulizwa kadi ya njano, akatoa moja kwa majivuno, akaambiwa si hiyo. Naye akaapa kwa Mola wake kwamba ni ya njano, hebu itazameni! Kweli ni ya njano, bwana, lakini chombo hakidungwi sindano.

Mwisho ni kibali cha muda cha chombo cha kigeni, kinachoandikwa pale pale forodhani na kuonyesha tarehe ambayo pikipiki itarudi kwao. Kijana na asione haya kutaja siku nyingi kidogo kuliko anazozikusudia. Msiba huwa na mambo yake, na huenda akazuiliwa na wazee mpaka hitima.

Mtu atasema: mbona wapo waliosafiri dunia nzima kwa pikipiki kwa neno la ghafla? Wapo. Mashuhuri wao ni Mmarekani Robert Edison Fulton. Mwaka 1932 kijana huyu alikuwa ametoka kusoma usanifu wa majengo Vienna, akawa mezani kwa watu London. Akaulizwa kama karibu atarudi kwao kwa meli. Kwa ujana wake akajibu la, atarudi kwa pikipiki, kwa kuizunguka dunia. Kumbe mezani hapo palikuwa na mtu wa kiwanda cha pikipiki cha Douglas, naye akalishika neno lile na kuahidi kumpa chombo. Fulton akanaswa na ulimi wake. Alikwenda miezi 17, akapita Uturuki na Sham, akakata jangwa hadi Baghdad, akafika India, Sumatra, Uchina na Japani, na 1937 akaitoa habari yake katika kitabu kiitwacho One Man Caravan. Lakini msomaji na atazame vizuri. Neno lilikuwa la ghafla, safari haikuwa ya ghafla. Kiwanda kilimtengenezea pikipiki yenye tangi kubwa na nafasi ya kuwekea kamera na filamu zake, na hakuna maiti aliyekuwa akimngojea Baghdad. Angechelewa wiki, angechelewa mwezi, jangwa lingekuwapo. Wa kwetu anayekwenda Tanga hana miezi 17, ana saa 17, na mwisho wake ni kaburi lililo wazi.

Haya, tuseme karatasi zote zipo, zimefungwa katika mfuko wa nailoni. Sasa chombo.

Kosa kubwa la usiku wa safari ni kumwamsha fundi afungue injini. Pikipiki iliyofunguliwa tumbo usiku si ya kupelekwa ng'ambo asubuhi. Fundi ana usingizi, taa ni ya simu, na nati moja isiyokazwa itajitambulisha mbele ya Msambweni. Kama injini ilikuwa ikienda jana, iacheni. Kinachotakiwa ni kutazama vile vinavyouawa na mwendo mrefu. Mnyororo uwe na mafuta na uchezee kiasi cha vidole viwili, si zaidi. Tairi zitazamwe kama zimekula mpaka chini, kwani tairi iliyokwisha hustahimili mtaani na kupasuka kwenye lami ya moto. Breki zishike, za mbele na za nyuma. Taa iwake, hata kama safari ni ya mchana. Oili ipimwe pikipiki ikiwa imesimama wima. Waya wa klachi ukiwa umeanza kufumuka nyuzi, huo ubadilishwe usiku huo huo, maana ni kazi ndogo. Vya kuchukua ni tyubu moja, plagi moja, pampu ya mkono, spana mbili tatu na waya wa klachi wa akiba. Basi. Mwenye kubeba kiwanda kizima mgongoni hatafika.

Mafuta si tatizo. Pikipiki za kazi zina tangi la lita 11 au 12, na lita moja huenda kilomita 40 na zaidi, kwa hivyo tangi moja lamfikisha Tanga na kumrudisha sehemu kubwa ya njia. Hakuna haja ya dumu la petroli nyuma ya kiti. Dumu hilo ni moto unaosafiri, na forodhani ni ugomvi.

Mara nyingi kijana haendi peke yake. Aliyefariki ni dada wa mamake, na mama asema: nami nichukue. Hapa wako wanaokataa kwa kuona ni aibu mama mtu mzima kupanda pikipiki masafa hayo, na wako wanaokubali bila kufikiri. Kwa upande wa dini hapana tatizo, mwana ni maharimu yake. Tatizo ni buibui. Nguo pana hupeperuka, ikakamatwa na mnyororo au na spoki za gurudumu la nyuma, na huvuta kwa nguvu ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia. Ajali za namna hii watu wa pwani tunazijua. Mama na avae suruali ndani, buibui likusanywe na kukaliwa, leso ifungwe kiunoni isiachwe ikining'inia, na gurudumu la nyuma liwe na kinga yake. Helmeti ziwe mbili. Ile ya abiria iliyozoea kuning'inia kwenye usukani bila ukanda wa kidevuni haimkingi mtu; ni kofia ya kumridhisha polisi. Na wakiwa wawili tairi ya nyuma huongezwa upepo, na breki hushikwa mapema zaidi, kwa kuwa uzito ukiongezeka chombo huchelewa kusimama. Lakini ikiwa mama ana mgongo au presha, kijana na asifanye ushujaa. Ampeleke kituo cha basi, yeye atangulie.

Mzigo uwe mdogo: kanzu na kofia ndani ya nailoni, kikoi, msala, na koti la mvua hata kama mbingu ni safi. Masika ya Aprili na Mei hayana adabu, na vuli vya Oktoba na Novemba havipigi hodi. Upepo nao una hesabu yake. Wakati wa kusi, mwenye kwenda Tanga huupokea usoni, na katika sehemu zilizo wazi baada ya Ramisi hupigwa ubavuni mpaka chombo kikayumba. Wakati wa kaskazi upepo humsukuma kwa nyuma, naye bila kujijua akajikuta anakwenda mbio kuliko alivyodhani.

Tumefika kwenye matayarisho ambayo hayana spana. Wazee wetu walipoagana walikuwa na taratibu, na taratibu hizo hazikuwa mapambo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifunza kwamba haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale mausiku mawili ila wasia wake umeandikwa. Hilo ni la mtu aliyelala nyumbani kwake. Sembuse anayepanda pikipiki kwenda nchi nyingine. Dakika kumi zatosha kuandika: nadaiwa na fulani kadha, namdai fulani kadha, amana ya fulani iko mahali fulani. Karatasi hiyo apewe mke au ndugu. Kadhalika aache masurufu ya nyumba, kwani mke na watoto hawawezi kula rambirambi. Na aombe radhi ya wazazi walio hai. Wengine hupitishwa chini ya msahafu, wengine hutoa sadaka mlangoni, wengine huswali rakaa mbili tu wakatoka. Ile dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Suratu Zukhruf, watoto wa chuo waijua kwa moyo. Ilikuwa ya ngamia na majahazi, na pikipiki imo.

Kusafiri peke yake kumechukizwa katika hadithi, na mwenye kuijua njia ya Lunga Lunga ajua hekima yake. Pikipiki ya pili yenye jamaa wa pili ni bora kuliko bima. Mmoja akipata pancha, mwingine yuko. Mmoja akianguka, mwingine ataita watu.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, safari hii yafikia masafa ya kukasiri, kwani marhala mbili hukadiriwa kuwa kilomita 80 na kitu. Kwa hivyo msafiri akishayaacha majumba ya mji, Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili, na aweza kukusanya. Alfajiri na Magharibi haziguswi. Akifika Tanga naye hakukusudia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, bado ni msafiri. Ila akisali nyuma ya imamu mkaazi hutimiza nne pamoja naye. Siku ikiwa Ijumaa, kuondoka baada ya alfajiri kuna neno kwa mtu aliyelazimika na Jumaa, isipokuwa aweza kuipata njiani au aendako. Anayekwenda Tanga akitoka mapema ataipata huko huko.

Sasa tufanye hesabu ambayo watu hawaifanyi usiku ule kwa sababu ya huzuni. Simu imekuja saa nne ya usiku. Maziko ni kesho baada ya Alasiri, yaani karibu saa kumi ya jioni. Kijana akilala, hata saa nne tu, akasali Alfajiri, akaondoka saa kumi na mbili jua likichomoza, atakuwa Lunga Lunga saa mbili kwa mwendo wa taratibu. Mwenye kukaa upande wa bara, Miritini au Changamwe, hahitaji hata kungoja feri. Njia ya Dongo Kundu kwa madaraja yake ya Mwache na Mteza humtoa Kwale moja kwa moja. Mpakani tumpe saa nzima, kwani vituo vya nchi mbili siku hizi vimeunganishwa na mtu hashuki mara mbili. Saa tatu yuko Horohoro. Aende polepole vijijini, Duga na mbele yake, maana polisi wa Tanzania huisimamia sana ile kilomita 50 kwa saa penye nyumba, na vyombo vyao vya kupimia viko tayari. Saa nne na nusu, au tano, avuke mto Zigi pale Amboni, na mji uko mbele yake. Amebakiwa na saa tano. Ataoga, atakula, atashiriki kuosha kama ni jamaa wa kuosha, na atashuka kaburini akiwa na nguvu za kumpokea maiti.

Basi kwa nini watu huondoka saa sita ya usiku? Kwa sababu kukaa kitako huku umefiwa ni taabu, na kwenda huonekana kuwa ni kufanya jambo. Lakini saa sita ya usiku barabara ya Ukunda ina ng'ombe waliolala juu ya lami, ina lori lisilo na taa ya nyuma, na ina dereva ambaye macho yake yamejaa maji. Saa sita alizozipata atakwenda kuzingoja mpakani au kwenye baraza ya wafiwa ambao hawajaamka. Wakati mwingine huwa hafiki hata huko, na familia moja ikawa na majeneza mawili.

Na kama maziko ni asubuhi, saa tatu au nne? Hapo twasema wazi: haiwezekani, na hakuna lawama. Sheria yetu haikumfungia mlango aliyechelewa. Kuharakisha maiti ni haki ya maiti, naye asingojeshwe kwa ajili ya mwenye pikipiki. Lakini katika madhehebu yetu aliye mbali husali sala ya ghaibu, kama Mtume alivyomsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Na atakayefika baada ya maziko huenda akamsalia kaburini. Matanga ni siku tatu. Anayefika siku ya pili hukuta bado mkeka umetandikwa, na wafiwa huenda wakamhitaji zaidi kuliko siku ya kwanza, pale umati unapokuwa umepungua na masufuria yanarudishwa kwa wenyewe. Mjomba wa Ngamiani hatamwuliza kwa nini hukuja jana. Atamwuliza mamako hajambo, na atamtilia kahawa.

Limebaki la kurudi, nalo ni fupi. Pesa za Tanzania zilizobaki zibadilishwe mahali penye risiti, kabla ya vijana wa mpakani hawajamzunguka. Pikipiki itazamwe mnyororo tena. Na pale Horohoro, hata kama mvua yanyesha na foleni ni ndefu, kile kibali cha muda kirudishwe na kifungwe mbele ya macho yake. Wako wanaopita moja kwa moja wakiona safari imekwisha. Nambari ya pikipiki hubaki katika vitabu vya forodha kuwa iko Tanzania, na siku binti wa ami atakapoozwa, na kijana akaja na kanzu mpya na marashi, safari ya arusi itaanza kwa maswali ya safari ya maziko.